Samaki nyuki wa Kibuli: hawakufa kwa kukosa chumvi

Nakiandika hiki kisa kirefu makusudi, cha samaki waliokufa usiku mmoja kwenye tangi la hapa Kibuli, Kampala, maana kila aliyekisikia ana jibu lake tayari, huyu anasema fangasi, yule anasema umeme ulikatika, mwingine anasema hao samaki ni wa bahari so Kampala hawawezi kuishi, na majibu yote hayo yanaweza kufanya mtu mwingine aue samaki wake wiki ijayo kwa njia ile ile.

Tangi lenyewe ni la lita 80, ukitoa mchanga na mawe maji yanabaki kama 70. Liko sebuleni kwa Hajji mmoja hapa Kibuli, stendi ya chuma wamemchomelea Katwe, filta ya ndani, pampu ya hewa, hita ndogo. Ndani aliweka samaki nyuki wanane, wale wadogo wa sentimita tatu nne wenye mistari myeusi na ya dhahabu, kitaalamu Brachygobius, pamoja na bunju wawili wa namba nane, Dichotomyctere ocellatus, ambao mgongoni wana alama kama 8 na wakikua wanafika kama sentimita nane. Wote asili yao Asia ya kusini mashariki, kwenye vijito na midomo ya mito ambako maji matamu yanakutana na bahari. Aliyemuuzia alimwambia ni samaki wa maji baridi, yaani maji matamu yasiyo na chumvi, weka maji ya bomba tu, basi. Hiyo ndo ilikuwa maelekezo yote aliyopewa na inaniuma, maana Hajji ni mtu anayeuliza na anayefuata anachoambiwa.

Mwanzoni bunju walikuwa sawa, wanakula kila kitu. Samaki nyuki hawakula. Hajji alikuwa anasaga mukene mkavu, yaani dagaa wa ziwani, anawanyunyizia, bunju wanachukua kidogo, kingine kinashuka chini kinaingia kwenye mchanga. Baada ya wiki kadhaa samaki nyuki wawili wakafa, matumbo yameingia ndani kabisa. Hapo mtu mmoja akamwambia, hao ni samaki wa maji ya chumvi kidogo, ndo maana wanakufa, wawekee chumvi. Ushauri huo kwa sura yake haukuwa mbaya! Shida ni chumvi iliyokuwa karibu. Hajji ana mbuzi, na mbuzi wanalambishwa chumvi ya Katwe, Katwe ile ya Kasese, siyo hii ya Kampala ya mafundi. Akafikiria hiyo ndo nzuri zaidi maana ni ya asili, haijapita kiwandani. Jumamosi jioni akapima chumvi hiyo kwa kikombe cha chai, kikombe kizima, akakoroga kwenye ndoo, akamimina.

Alfajiri alipoamka kuswali akakuta samaki nyuki watatu wamekufa na bunju mmoja, na waliobaki wako juu ya maji wanatweta. Akanipigia. "Wewe kijana, samaki wanakwisha na maji yako safi kama Zamzam!"

Na kweli yalikuwa meupe, unaona ukuta wa nyuma. Bunju aliyebaki tumbo limegeuka jeusi, mashavu yanakwenda haraka haraka. Samaki nyuki mmoja alikuwa amejibandika kwenye kioo juu kabisa, pale mapovu yanapotokea, kwa lile pezi lake la tumboni ambalo limeungana likawa kama kikombe cha kunyonyea, dhahabu yake yote imefifia imekuwa kama karatasi ya zamani, na ukimwangalia kwa upande wa chini matamvua ni mekundu sana.

Nikapima. Amonia, ile inayotoka kwenye uchafu wa samaki na chakula kinachooza, matone yalitoa kijani, kama miligramu 2 kwa lita. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambacho namba ikishuka asidi inazidi, rangi ilifika mwisho wa kadi, 8.8, na kadi yangu haiendi zaidi ya hapo so inawezekana ilikuwa juu zaidi.

Sasa hapa ndo penye kisa chenyewe. Ukiona amonia 2 utasema basi amonia imewaua, filta mbovu, kwisha. Lakini hiyo amonia haikuja usiku mmoja. Mukene haiozi kwa kasi hiyo, na samaki wachache wa sentimita tatu hawawezi kutoa amonia yote hiyo kati ya jioni na alfajiri. Ilikuwepo siku nyingi. Swali ni kwa nini bunju waliishi nayo wiki zote hizo wanakula vizuri, alafu usiku mmoja ikaua.

Nilimuuliza Hajji kama ana maji ya zamani ya tangi mahali popote. Kumbe akibadilisha maji huwa hamwagi, anaweka kwenye jerikani nyuma ya jikoni anamwagilia mboga. Jerikani moja ilikuwa bado, ya kabla ya chumvi. Nikamimina kutoka ndoo hii kwenda ile mara nyingi, maana maji yaliyofungwa yanashika kaboni dayoksaidi na pH inaonekana chini kuliko ilivyo, alafu nikapima. pH 6. Amonia karibu ile ile, 2. KH, yaani ule uwezo wa maji kushikilia pH isiyumbe, tone la kwanza tu rangi ikageuka, maana yake hakuna kitu.

Maji ya bomba ya Kampala yanatoka ziwa Victoria, yanasafishwa Ggaba na siku hizi Katosi pia. Ziwa lile maji yake ni laini sana, madini kidogo mno, ukichemsha birika miaka na miaka halijengi ukoko kama birika la watu wa sehemu za visima. Kwa kunywa ni raha. Kwa tangi ina maana KH yako inaanza chini. Alafu bakteria wa filta wanapobadilisha amonia kuwa naitreti wanazalisha asidi, na hiyo asidi inakula KH kidogo kidogo kila siku. KH ikiisha pH inaporomoka. Ikishuka chini ya 6.5 hivi bakteria wenyewe wanazubaa, wanaacha kazi, na amonia inaanza kulundikana. Ndo tangi la Hajji lilivyokuwa, filta inazunguka, maji meupe, ndani yake hakuna kinachosafisha.

Kilichowalinda samaki ni pH hiyo hiyo ya chini. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja ina chaji na haiingii kirahisi kwenye matamvua, nyingine ni gesi na hiyo ndo sumu. pH inaamua ngapi iwe huku na ngapi iwe kule. Kwenye joto la nyuzi 25, pH 6 sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 0.1. pH 7 ni kama 0.6. pH 8 inafika 5. pH 9 ni kama 36. Rudia kuzisoma hizo namba polepole, maana kipimo cha dukani kinakuonyesha jumla ya sura zote mbili, kinasema 2 jana na 2 leo, na wewe unadhani hakuna kilichobadilika. Kwenye tangi la Hajji jana sumu halisi ilikuwa kama 0.001, usiku huo ikaruka mpaka karibu 0.5. Ni mara mamia. Hakuna bunju wala samaki nyuki wa kuhimili hiyo, na waliokuwa na njaa ndo walitangulia.

Na nani alipandisha pH? Chumvi ya mezani haipandishi pH, hilo unaweza kulipima mwenyewe. Ziwa Katwe siyo kipande cha bahari kilichobaki bara. Ni ziwa la kwenye shimo la volkano, halina pa kutokea, jua linakausha maji yanabaki madini, na madini yake ni mchanganyiko, chumvi ya kawaida ipo, salfeti ipo, na magadi yapo kwa wingi. Maji ya lile ziwa pH yake iko karibu na 10. Ni maji makali hasa, hata kile kiwanda cha chumvi kilichojengwa pale miaka ya 1970 kilishindwa, mabomba yakaliwa. Wale wanaochimba kule wanazijua chumvi zao kwa daraja na kila moja wanajua kazi yake, hii ya ng'ombe, hii ya jikoni. Sisi huku mjini ndo tunanunua bonge la kijivu bila kuuliza.

Hajji hakuamini mpaka aone. Tukaweka punje za chumvi ya Katwe kwenye kisosi kimoja, chumvi ya pakiti kwenye kingine, tukadondoshea siki. Ya pakiti ilikaa kimya. Ya Katwe ikachemka povu, tss, punje zikawa zinasogea zenyewe kwenye kisosi. Povu hilo ni kaboni dayoksaidi inatoka kwenye magadi. Kijukuu chake kikaomba turudie, tukarudia, kijiko kile kile. Hiki kipimo hakina gharama, na kama una chumvi yoyote usiyoijua asili yake kifanye kabla haijafika kwenye maji ya samaki.

Kuhusu yale majibu mengine. Umeme ulikatika kweli usiku ule, ukarudi kabla ya usiku wa manane, lakini pampu ya hewa ilikuwa imeshafanya kazi masaa mengi na bado asubuhi samaki wanatweta, kukosa oksijeni hakuendelei hivyo hewa ikisharudi, na matamvua yaliyoungua ni alama nyingine. Klorini hapana, hakuna aliyeweka maji mapya wiki ile. Fangasi haiui wanne kwa usiku mmoja. Na chumvi yenyewe, ule ukali wake, kikombe kile kilikuwa kama gramu 3 hadi 4 kwa lita. Hawa samaki wengi wao asili yao ni mahali ambapo maji kupwa na maji kujaa vinabadilisha chumvi kila siku. Gramu tatu haziwaui.

Na hapa nataka niwe mkweli kwa huyo muuzaji pia, ingawa simpendi. Kuna aina za samaki nyuki zinazoishi kwenye maji matamu kabisa, na kuzitofautisha kwa macho ni kazi ngumu hata kwa mtu mzoefu. So kusema ni samaki wa maji baridi siyo uongo asilimia mia. Ila maji ya Kampala yaliyoachwa mpaka KH ikaisha hayamfai karibu samaki yeyote, na wengi wanaouzwa madukani wanakaa vizuri zaidi wakipata chumvi kidogo ya bahari. Wale wawili wa kwanza waliokufa kabla ya kikombe walikufa njaa. Samaki nyuki ni mwindaji, anataka kitu kinachotikisika. Mukene ya unga kwake ni vumbi.

Asubuhi ile Hajji alitaka kukamulia ndimu ili pH ishuke. Nikamshika mkono kabisa. Asidi juu ya magadi inatoa kaboni dayoksaidi nyingi kwa mpigo, na pH inayumba juu chini, matamvua yaliyoungua hayataki mayumbo. Tiba ni maji. Alikuwa na mapipa ya maji yaliyolala wazi tangu juzi, klorini imeshatoka, tukatoa nusu ya maji ya tangi na kurudisha taratibu kwa mpira mwembamba, mchana tukarudia robo. Kila ukitoa maji unatoa magadi na amonia kwa pamoja, ndo uzuri wake. Tukanyonya mchanga, na ilitoka mukene iliyooza ya kijivu, harufu yake Hajati alitoka jikoni kuuliza kuna nini. Hatukuwalisha kitu siku ile. Jioni tumbo la bunju lilikuwa limerudi jeupe. Samaki nyuki watatu walishuka chini, mmoja akaanza kumfukuza mwenzake kwenye jiwe, na kwa hawa ugomvi ni dalili ya afya.

Hatua ya pili ilikuwa KH. Maduka ya chakula cha kuku hapa yanauza magamba ya ziwa, vile vigamba vyeupe vya konokono na kome wanavyochanganyia kuku wa mayai. Chukua mazima mazima siyo yaliyosagwa, osha mpaka maji yawe meupe, chemsha, weka kiganja kimoja viwili kwenye soksi ya wavu ndani ya filta. Magamba ni kalsiamu kaboneti, yanayeyuka pale tu maji yanapokuwa na asidi, pH ikikaribia 8 yanaacha yenyewe. Magadi hayana breki hiyo, yanayeyuka yote mara moja. Kwa bei ya magamba kwa kilo sioni sababu ya mtu yeyote wa Kampala mwenye samaki wa namna hii kukosa soksi ya magamba kwenye filta yake, hata kama hatii chumvi kabisa.

Hatua ya tatu ndo chumvi sasa, na hapa watu wanakwama kwa sababu chumvi maalum ya akwariamu ya bahari hapa ni ya kutafuta sana na bei yake inatisha. Inahitajika kwa sababu maji ya bahari siyo sodiamu na kloraidi peke yake, kuna magneziamu, kalsiamu, potasiamu, salfeti, na mwili wa samaki unavitegemea vyote. Lakini fikiria hivi. Maji ya bahari ni kama gramu 35 kwa lita. Hawa samaki wanataka 5 mpaka 8. Maana yake jerikani moja ya lita 20 ya maji ya bahari inakupa lita 100 za maji yenye gramu 7. Moja tu! Na mabasi ya Mombasa yanaingia Kampala kila siku. Mpwa wa Hajji yuko huko, akaambiwa achote maji yamejaa, mbali na bandari na mbali na mdomo wa mto, jerikani mpya isiyowahi kubeba mafuta, aifunge vizuri. Ikafika. Tukaiacha gizani, uchafu ukatulia chini.

Hatukumimina yote. Kila wiki tulitoa lita tatu na nusu za tangi tukaweka lita tatu na nusu za bahari, ambayo ni kama gramu 1.75 kwa lita kila mara. Wiki nne. Samaki wangeweza kwenda haraka zaidi, bakteria wa filta ndo hawawezi, ukiwashtua wanakufa na unarudi kwenye amonia ile ile, safari hii pH iko 8 na haikusamehe. Amonia tulikuwa tunapima kabla ya kila lita tatu na nusu, ikionekana hata kidogo tunasubiri. Wiki ya pili ilionekana. Tukasubiri.

Kama huna mtu wa pwani, chumvi ya mezani ya pakiti, gramu 2 au 3 kwa lita pamoja na magamba, itawashikilia kwa muda, madini ya ayodini yaliyomo ni kidogo mno kwa kipimo hicho na hofu yake imezidishwa. Lakini ni kwa muda, na upime kwa mizani ya jikoni, siyo kwa kikombe. Hidromita, kile kifaa cha kupima uzito wa maji ya chumvi, ukipata nzuri, 1.005 iko kama gramu 7 hadi 9 kwa lita kutegemea imetengenezwa kusomwa kwa joto gani.

Jambo ambalo Hajji amelielewa haraka kuliko wengi ni la maji kukauka. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Amechora mstari wa kalamu kwenye kioo, maji yakishuka chini ya mstari anajaza kwa maji matamu yaliyolala. Chumvi anaiweka siku ya kubadilisha maji tu.

Chakula kimebadilika kabisa. Viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo ya maji ya mvua ndo sikukuu yao, ila ndoo unaichuja kila siku, ukisahau umefuga mbu wa mtaa mzima. Bunju meno yake hayaachi kukua, anahitaji kuvunja konokono wenye gamba, na hili nalisisitiza kwa nguvu zote, usiingie ziwani miguu mitupu kuokota konokono, na usimtume mtoto. Kichocho kipo ziwa Victoria na konokono ndo wanaokibeba. Zalisha wako kwenye beseni kwa majani ya sukuma, anza na wachache kutoka kwa mfugaji mwenzako. Ukiwaweka kwenye tangi weka anaoweza kuwala siku hiyo, kwenye chumvi hawadumu wanaoza.

Mpaka sasa kuna samaki nyuki watatu na bunju mmoja. KH iko 5, pH 7.8, amonia sifuri, dhahabu ya samaki nyuki imerudi na wawili wanalinda kila mmoja gamba lake la kome, nadhani ni madume. Bunju ananipa wasiwasi. Wapo wanaowachanganya na inakubali, mi sikubali kwenye lita 70, tayari nimeona pezi la mkia la samaki nyuki mmoja limekatika robo duara safi, na hakuna mwingine mle ndani mwenye mdomo wa kukata hivyo. Hajji ameshaagiza kioo kingine. Kikifika, nusu ya magamba na nusu ya sponji ya filta zinahama na bunju, maji yachukuliwe humu humu ili chumvi iwe sawa, na nimemwambia asinunue samaki wengine mpaka tangi zote mbili zisome amonia sifuri mwezi mzima.